Kwa Kizungu Bakari Hajambo

Tulipolifungua sanduku la marehemu mama, mimi na binti yangu, kilichotoka kwanza ni harufu ya kafuri. Nyinyi wa rika langu mnaijua harufu hiyo: ndiyo ya nguo za Idi, na ndiyo hiyo hiyo ya maiti. Juu zilikuwa leso zake. Chini ya leso yalikuwa mashati ya kiume, mapya, yamekunjwa moja juu ya jingine, vifungo vyote vimefungwa hadi shingoni. La chini kabisa lingemtosha mtoto wa miaka kumi na miwili. La juu lingemtosha mwanamume mzima.

"Ya nani haya?" binti yangu aliuliza.

"Ya mjomba wako Bakari."

"Si alikufa mdogo?"

"Huyo huyo."

Aliniangalia kama watu wanavyowaangalia wazee walioanza kuchanganya mambo, nami siku ile sikuwa na nguvu za kumweleza. Naeleza sasa.

Kwetu ni Waa, ndani kidogo ya barabara ya Likoni kwenda Ukunda. Baba alikuwa akiosha vyombo katika hoteli moja ya Wazungu kule Diani, hoteli ndogo ya vibanda vya makuti yenye ukumbi mmoja wa kulia. Aliondoka na baiskeli yake baada ya sala ya alfajiri, na aliporudi jioni vidole vyake vilikuwa vimechubuka kwa magadi na sabuni, hata kumega ugali ilikuwa kazi. Ilikuwa miaka ile ya bendera. Watu wazima walikuwa wakizungumza habari za uhuru kila walipokaa, lakini nyumbani kwetu uhuru ulikuja na habari moja tu: baadhi ya maweta wa hoteli walikuwa wanarudi kwao bara, na Memsahibu mwenye hoteli alisema nafasi moja atampa mtu wa jikoni, mradi awe anaweza kuzungumza na wageni. Si kuitika na kuondoka, kuzungumza. Weta alivaa kanzu nyeupe, mkanda mwekundu na tarbushi, na mikono yake ilikuwa mikavu. Baba aliitaka mikono mikavu kuliko alivyoitaka ile tarbushi.

Shida ni kwamba Kizungu hakukijua. Aliyekijua nyumbani kwetu alikuwa mmoja, kaka yangu Bakari, aliyekuwa darasa la tano. Kwa hiyo mwana akawa mwalimu na baba akawa mwanafunzi, jambo ambalo sijaliona tena kwa macho yangu.

Masomo yalikuwa uani, baada ya alasiri siku za baba za mapumziko, na siku nyingine kabla giza halijaingia sawasawa. Bakari alikaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, hicho ndicho kilikuwa kiti cha mgeni, akapachika mguu juu ya mguu. Mimi nilikuwa meza. Kazi yangu ilikuwa kushika sinia juu ya mikono miwili nisitikisike, na nilijiona mtu muhimu sana. Baba alisimama mbele yetu na leso ya mama mkononi, eti kitambaa cha weta.

"Simama wima, baba," Bakari alimwambia. "Unajipinda kama unaomba ukwaju."

"Nimesimama."

"Haya. Tena."

Na baba, ambaye sisi hatukuthubutu kumtazama usoni, alianza tena. Mama alikuwa jikoni akicheka na moshi. "Leo anayekula viboko ni mkubwa," alisema, kisha aliongeza, kama alivyosema kila mara, kwamba Kizungu ni lugha ya watu wenye mafua.

Mazungumzo yenyewe yalikuwa mafupi. Bakari alijifanya mgeni akauliza kwa Kizungu: hujambo? Kwenu wapi? Una watoto? Wangapi? Wazima? Baba alijibu kwamba hajambo, kwao ni Waa, ana watoto wawili, mmoja mwanamume na mmoja mwanamke, nao ni wazima sana, ahsante. Hilo jibu la mwisho ndilo lililotuingia sote. Mwalimu wa Bakari shuleni alikuwa na namna yake ya kulivuta neno la mbele, na Bakari alilivuta zaidi yake, kama avutaye ndoo kisimani: "Veeeri weli, thenkyu." Sisi watoto tukalisema tukichota maji, tukalisema tukiota moto. Kuku akikatiza uani, nilimuuliza hali yake kisha nikamjibia.

Kilichofuata nitakisema kwa ufupi kwa sababu hata wakati ule kilikuwa kifupi. Bakari alishikwa na homa. Alipelekwa hospitali akapewa dawa, akarudishwa, akapata nafuu hata akaomba uji, kisha homa ikarudi, na kabla wiki haijaisha tukamzika. Siku moja kabla alikuwa amemwambia baba kwamba akipona watasonga mbele, watoke kwenye salamu waingie kwenye somo lingine.

Sikulia. Watu walinisifu kwamba nina subira, mtoto mdogo vile. Haikuwa subira. Sikuhisi kitu. Nilijiona kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi, unauona ni wako lakini ukiguswa hujui. Nakumbuka nyua zimejaa mikeka na wanawake, na nakumbuka mama mmoja kutoka Ng'ombeni alikaa kwenye ile mbuzi kukuna nazi za matanga. Nilitaka kumwambia hicho ni kiti cha mgeni. Mdomo haukufunguka, na haukufunguka siku zote za msiba.

Hitima ilipokwisha tu alikuja Mzee Salimu. Huyu alikuwa mkubwa wa maweta kule hotelini, mtu wa Waa kama sisi, na alikuwa miongoni mwa waliomshusha Bakari kaburini. Alikaa mkekani kando ya baba, akatoa pole upya.

"Baba Bakari, najua si wakati wake," alisema. "Lakini Memsahibu ameweka kesho. Usipotokea, nafasi anampa yule msaidizi wa mpishi."

"Anajua nimefiwa?"

"Anajua hukuonekana kazini. Mimi sikumwambia zaidi. Nilisema hilo ni lako wewe kulisema."

Baba aligeuka kumtazama mama. Mama alikuwa amelala ameelekea ukutani, na alisema bila ya kugeuka: "Nenda. Lakini ukiulizwa, sema. Usinifichie mwanangu."

"Nitasema," baba alijibu.

Bibi yangu, mamake baba, ndiye aliyetaka niende naye. "Mchukue na huyu," alisema. "Tangu mazikoni hajanena neno. Pengine upepo wa baiskeli utamfungua."

Upepo haukunifungua. Nilikaa kwenye keria nimeshika shati la baba kiunoni, na njia nzima nilisikia midomo yake ikienda. Nilidhani anasoma dua. Tulipokuwa tunaishika njia ya Diani nikasikia kwamba ni yale maneno ya uani, yote, maswali na majibu. Maswali aliyauliza kwa sauti nyembamba.

Memsahibu alikuwa na mtindo wake wa kupima watu. Hakumuuliza mtu kitu yeye mwenyewe. Alimchukua akamsimamisha mbele ya mgeni anayekunywa chai, akaondoka, akaenda kusimama mlangoni kusikiliza. Mgeni akifurahi, kazi umeipata. Siku ile mgeni alikuwa bibi mmoja wa makamo, nywele nyeupe, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba. Kwao alikuwa mwalimu wa shule, baba alikuja kujua baadaye, na sisi tulimwita Bibi Mwalimu hadi mwisho. Mimi niliachwa kwenye ngazi za baraza. Mzee Salimu alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha yule bibi na birika mkononi.

Bibi Mwalimu aliuliza hujambo, baba akajibu. Aliuliza kwao wapi. Baba alisema Waa, akaonyesha kwa mkono upande uliko. Aliuliza kama ana watoto.

Niliona baba amesimama wima kama alivyofunzwa. Alisema anao watoto wawili, mmoja mwanamume na mmoja mwanamke.

"Nao wazima?" yule bibi aliuliza.

"Veeeri weli," alisema baba, "thenkyu."

Hapa lazima niseme jambo ambalo nyinyi mnalijua lakini watoto wetu wamelisahau. Sisi mtu akiulizwa habari, hata kama ametoka kuzika, hasemi msiba kwanza. Husema njema. Husema salama, alhamdulillahi. Kisha ndipo husema ila. Njema, ila mvua imetukimbia. Salama, ila mzee hajiwezi. Na anayeuliza anajua kungoja, haondoi macho mpaka hiyo ila imekuja, kwa sababu ndani ya ila ndimo ilimo habari yenyewe. Hizo ni adabu, na baba alikuwa mtu wa adabu. Alitanguliza njema kama kawaida, akavuta pumzi.

Yule bibi hakungoja. Alitabasamu, akapiga viganja kidogo, akauliza jina la samaki aliyemla mchana. Kwao jibu likishasemwa limesemwa. Baba alibaki na ila yake mdomoni, na kwa Kizungu hakujua hata inavyoanza, maana somo hilo ndilo lile Bakari alilolisogeza hadi apone. Mzee Salimu alikuwa akitazama birika. Baba alisema samaki huyo anaitwa changu. Kutoka mlangoni Memsahibu aliitikia kwa kichwa, kazi imepatikana.

Nyuma ya jikoni Mzee Salimu alimkabidhi baba kanzu. "Mengine utayasema siku nyingine, Baba Bakari," alimwambia. Baba aliitika kwa kichwa. Sijamwona mtu aliyepandishwa cheo na uso kama ule, hauna furaha wala huzuni, mtupu kama sahani iliyokwisha kuoshwa.

Mimi, kwa upande wangu, nilikuwa nimeelewa jambo kubwa. Nilikuwa nimesikia kwa masikio yangu. Baba hakuwa mwongo, hakupata kutudanganya hata siku moja, na alikuwa amesema mbele ya watu wazima, na Mzee Salimu aliyemzika alikuwa papo hapo na hakukanusha. Kwa hiyo Bakari alikuwa amekufa kwa lugha yetu tu. Kwa Kizungu bado alikuwako.

Tulipofika nyumbani nilishuka kwenye keria nikakimbia hadi chumbani kwa mama, na mdomo ukafunguka. "Mama, Bakari hajambo kule," nilisema. "Baba amesema, na yule bibi akafurahi."

Bibi yangu alianza kumshukuru Mungu kwa kuwa nimesema, kisha akasikia nilichosema. Mama aliinuka akakaa. Hakunipiga wala hakulia. Alingoja baba aingie.

"Uliulizwa?" alimuuliza.

"Niliulizwa."

"Ukajibu nini?"

"Nilijibu nilivyofunzwa."

"Umefunzwa na nani kusema hivyo?"

"Na mwenyewe," baba alisema.

Mama alijilaza tena akaelekea ukutani. Akiwa huko huko alisema, "Hiyo lugha utaijua. Siku utakayoijua, uende ukamwambie yule mwanamke. Sitaki mwanangu aulizwe hali naye yuko mchangani."

Na lugha aliijua kweli. Jioni alinikalisha mimi kwenye mbuzi, niwe mgeni. Meza haikuwako tena, sinia ililala chini. Niliuliza yale maswali, na kila nilipofika kwenye lile la watoto wangapi, alijibu wawili. Sikuchoka kuuliza, kwani hapo ndipo tulipokuwa tukimtaja. Kwa Kiswahili jina lake halikutoka midomoni mwetu tena, ila kwenye jina la baba na la mama. Mwaka baada ya mwaka Kizungu cha baba kilinenepa. Alijua kuomba radhi kwa supu iliyopoa, alijua kueleza maji kupwa na kujaa, alijua kumtania mgeni aliyeunguzwa na jua mpaka mgeni mwenyewe akacheka. Mzee Salimu alipostaafu, baba ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukumbi. Palikuwa na sentensi moja tu aliyoshindwa kuisema, na maneno yake yote alikuwa nayo.

Bibi Mwalimu alirudi mwaka uliofuata, kwao kulipokuwa baridi, akaja na kitambaa cha gauni kwa ajili yangu na shati kwa ajili ya Bakari. Baba alilileta nyumbani akalitua kwenye ukingo wa kitanda. Mama alilitazama siku nzima bila kuligusa. Siku ya pili halikuwapo, na sanduku lilikuwa limefungwa. Mwaka wa tatu lilikuja jingine, kubwa kidogo. Tulikuwa na majirani wenye watoto wa kiume wanaokwenda shule vifua wazi, na hakuna aliyethubutu kuliomba. Kila Idi mama aliyatoa mashati akayaanika kwenye kamba yapigwe na hewa, wapita njia wakaona nguo za kijana kwenye nyumba isiyo na kijana, wakaamkia wakapita.

"Umemwambia?" aliuliza kila yule bibi alipokuwa amekuja na kuondoka.

"Bado."

"Unampa umri kila mwaka. Amefika wapi sasa?"

"Darasa la nane," baba alijibu mwaka mmoja, kwa sauti ya chini.

"Haya ni madhambi, mume wangu."

"Na wewe watu wanakuitaje?" baba aliuliza. "Mimi wananiitaje mskitini? Mama Bakari, Baba Bakari. Mbona hao huwaambii waache?"

Mimi nilikuwa upande wa baba, kwa sababu zangu. Nilikuwa nasoma Kizungu kama mtu anayechimba. Walimu walinisifu, wakasema nitafika mbali. Hawakujua kwamba safari yangu ilikuwa fupi, kwamba nilikuwa nataka kufika tu mahali pale ambapo baba aliposema hajambo alikuwa anasema kweli. Halafu siku moja, darasa la sita, kwenye kitabu cha hadithi, nikalikuta neno la kufa. Nilinyoosha mkono nikamuuliza mwalimu kama neno hilo ni la miti na wanyama tu.

"La, hata watu," alisema. "Watu wote hufa, kwa lugha zote."

Darasa lilicheka. Nilikaa chini. Bakari alinifia siku ile, mchana, kati ya hesabu na jiografia, na nililia mpaka nikarudishwa nyumbani. Mama aliponiuliza nina nini, nilisema tumbo.

Nilikuwa msichana mkubwa, nimeanza sekondari, Bibi Mwalimu alipomwambia baba kwamba miguu yake imechoka na hatasafiri tena, na kwamba kabla hajaondoka angependa kuja Waa amwamkie mama wa wale watoto. Baba alileta habari hiyo akiwa bado ameshika baiskeli. Mama alikuwa akipepeta mchele.

"Aje," alisema. "Nitamwambia mwenyewe. Na huyu atanitafsiria." Alininyooshea ungo mimi.

Baba aliegemeza baiskeli ukutani, akaingia ndani. Usiku wake nilitayarisha ile sentensi kwa Kizungu, fupi, isiyo na kosa, nikaisema moyoni mpaka ikaacha kuwa na maana.

Alikuja na gari la hoteli. Tulikuwa tumetandika mkeka mpya na kuazima kiti, lakini alikataa kiti akakaa mkekani nasi, miguu imemshinda kukunja. Mama alikuwa amevaa leso mpya. Mahamri yalikuwa kwenye sahani, yamefunikwa. Baba, mkubwa wa ukumbi mzima, alikuwa akimimina chai.

Bibi Mwalimu alimwamkia mama, alinisifu urefu wangu, kisha alitazama huku na huku uani, akauliza, yuko wapi yule kijana? Hajambo?

Baba aliliinamia birika.

"Anasemaje?" mama aliniuliza.

"Anamuuliza Bakari. Anauliza kama hajambo."

Mama aliweka mikono magotini. Nilijua sentensi yake iko tayari kama ilivyokuwa yangu. Lakini yule bibi alikuwa tayari ameingiza mkono kwenye mkoba wake, akatoa shati. Lilikuwa jeupe, lenye mistari myembamba ya samawati. Alisema yeye hakujaliwa mtoto, kwa hiyo kila mwaka humwambia muuza duka umri tu, na muuza duka hukadiria. Mwaka huu alimwambia ni mwanamume sasa. Nilimtafsiria mama, neno kwa neno.

Mama alilipokea kwa mikono miwili. Alilishika mabegani, akalinyanyua likafunguka mbele yake, akalitazama upana. Alilitazama muda mrefu.

"Kumbe angekuwa mpana hivi," alisema. Hakumwambia mtu. Sikutafsiri.

Bibi Mwalimu alidhani hakueleweka, akamuuliza mama mwenyewe, polepole, kama wasemeshwavyo watoto: hajambo kijana wako? Nilifungua mdomo. Mama aliniinulia kiganja ninyamaze. Alimgeukia mgeni uso kwa uso, yeye ambaye hakupata kutamka neno la lugha hiyo, na sauti iliyomtoka ilikuwa na ule mvuto wa ndoo kisimani.

"Veeeri weli," mama alisema, "thenkyu."

Baba aliliweka birika chini. Mimi naye tulimtazama mama, tukangoja ile ila. Mama alilitandaza shati mapajani, akafunga vifungo kimoja kimoja hadi shingoni, akalikunja, akamsogezea mgeni sahani ya mahamri.